Raba ya soli laini inabana vidole, ngumu inakaa vizuri ila magoti yanalia. Nivae ipi kwenye kilomita 21?

Ligula_Alfajiri

Habari za asubuhi wakuu. Naombeni msaada kwa wanaokimbia, maana kila ninayemuuliza ananiambia lake na siku zinakwenda.

Nipo Ligula hapa Mtwara mjini, nina kilo 84, nimeanza kukimbia mwaka jana. Katikati ya wiki nazungukazunguka mitaani na kule Shangani, alafu Jumapili alfajiri nashika lami mpaka Mikindani, kilomita kumi hivi, nikijisikia vizuri nageuza kwa miguu, nikichoka napanda bajaji. Wiki nane zijazo nina mbio za kilomita 21, za kwanza maishani mwangu na nimeshalipia.

Nina raba pea mbili, zote mtumba. Nyeupe ni hizi za kisasa, soli imevimba kama boflo, nimepima kwa rula pale kisigino imegonga milimita 38. Ukibonyeza kwa dole gumba inaingia na kurudi. Nikiivaa hii kilomita sita za kwanza ni raha tupu, goti la kulia ambalo lilikuwa linanisumbua limetulia kabisa. Sasa nikivuka ya saba kidole kidogo na jirani yake vinaanza ganzi, mpaka nafika Mikindani sivisikii, na wiki mbili hizi ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi kama nimegongwa na nyundo.

Ya bluu soli yake ni nyembamba na ngumu ila mguu umekaa mule kama nimeshonewa, vidole vinacheza, kisigino hakichomoki. Shida yake ni kilomita ya 12 kwenda mbele, magoti yanaanza kulia na ugoko unawaka, kesho yake kushuka ngazi kazini nashika ukuta.

Zote ni namba 42, namba niliyovaa tangu sekondari. Aliyeniuzia nyeupe aliniambia vumilia mguu utazoea. Je nivumilie itanuke, au nivae bluu nimwongezee soli ya ndani ya sponji? Mfukoni nina kama elfu 70 tu ya kuongezea.

Kusini_Damu (Lindi)

Pole sana kaka. Usivumilie. Mimi niliambiwa hivyohivyo mguu utazoea, nikaenda na kiatu kinachobana kwenye kilomita 21 yangu ya kwanza, kufika ya 17 nikakaa pembeni nikavua soksi, damu, nikamaliza kwa kutembea na kucha mbili zikadondoka baada ya mwezi. Nilikuwa nimejiandaa miezi minne na pumzi ilikuwepo, kilichonirudisha nyuma ni nafasi ndogo tu pale mbele ya vidole.

Ganzi ni mishipa ya fahamu inaminywa pembeni, na ukucha mweusi ni kidole kinagonga mbele kila hatua, hasa ukiwa unateremka, na wewe ile barabara ya kuingia Mikindani unateremka kuelekea baharini kwahiyo mguu unasukumwa mbele wakati ushavimba tayari. Mguu unavimba ukikimbia, na kwa joto la huku kwetu unavimba zaidi, kiatu kinachokutosha saa kumi na moja asubuhi kabla hujatoka sio kiatu kinachokutosha baada ya saa nzima kwenye lami.

Sasa fanya hivi leo jioni, sio asubuhi. Weka karatasi sakafuni iguse ukuta, simama kisigino kiguse ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, mtu mwingine achore alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote huku kalamu imesimama wima asiilaze. Pima miguu yote miwili, karibu kila mtu ana mmoja mrefu kuliko mwenzake na kiatu unanunulia ule mrefu. Alafu angalia lebo ndani ya ulimi wa raba, achana na hiyo 42, tafuta palipoandikwa CM au JP, huo ndio urefu wa mguu wenyewe. Hizi namba za Ulaya kutoka moja kwenda nyingine ni karibu milimita 7 kwahiyo kati ya 42 na 43 pana safari ndefu ndiomaana adidas wanakuwa na zile 42 na theluthi mbili, 43 na theluthi moja. Ukisimama kwenye kiatu mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Kitu kingine toa soli ya ndani ya hiyo nyeupe, iweke chini, simama juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika nje pembeni pale penye vidole basi umbo lake sio la mguu wako na hakuna kutanuka kutakakosaidia, kitambaa kinaweza kulegea kidogo ila soli haitanuki.

Hiyo milimita 38 isikutie hofu, World Athletics, wale wasimamizi wa riadha duniani, kwa mbio za barabarani wameweka mwisho milimita 40 na hiyo ni kwa wanaoshindania nafasi.

Fundi_Magomeni

Mimi ni fundi viatu hapahapa Mtwara miaka 11 sasa, sikimbii ila raba za wakimbiaji zinapita mikononi mwangu kila wiki, nachangia kwa upande wa soli.

Kwanza hilo la kumwongezea bluu soli ya ndani nene, angalia sana. Wewe mwenyewe umesema mguu umekaa kama umeshonewa. Ukiweka sponji ya milimita 5 chini, mguu unapanda milimita 5, kisigino kinatoka kwenye kikombe chake kinaanza kuchomoka na juu kamba zinabana mgongo wa mguu. Utakuwa umeharibu kile kizuri pekee ilichonacho. Na ile sponji ya elfu tatu ya sokoni wiki mbili inalala kama karatasi.

Pili, bluu yako inawezekana haikuzaliwa ngumu. Ni mtumba, imeshakimbiwa na mtu mwingine. Sponji nyingi ni EVA, ina vipovu vidogo vya hewa ndani, kila hatua inaminywa na siku zinavyokwenda haiinuki tena yote. Wataalam wengi wanasema raba ina kilomita 500 mpaka 800 hivi, na mtumba hauji na cheti cha kilomita. Iweke mezani uitazame kwa nyuma usawa wa macho, kama kisigino kimelala upande mmoja hiyo imekwisha. Angalia ubavu wa soli, ukiona mikunjo myembamba mingi kama uso wa mzee imelala pale pale penye uzito, imekwisha, hata kama juu kitambaa kinang'aa kama jana. Wauzaji wanafua juu wanapaka nyeupe pembeni, mikunjo haifutiki.

Nilikatia jamaa mmoja soli yake mwezi uliopita kwa msumeno nimwonyeshe, upande wa nje wa kisigino sponji ilikuwa nyembamba kuliko wa ndani karibu nusu, ngumu kama ndala ya zamani, na yeye anashangaa kwanini goti moja tu linauma.

Kuna nyingine za poliyurethani, hizo zikikaa miaka na unyevu zinaoza zenyewe bila kuvaliwa. Mtu ananunua raba nzuri nzito, anafika stendi soli inamegeka kama kashata. Kwa hewa ya pwani yetu hii hilo naliona sana, ukinunua mtumba kunja kiatu kwa nguvu pale pale mbele ya muuzaji, usione aibu.

Na tafadhali ndugu zangu msimu huu wa mvua acheni kuanika raba juu ya bati! EVA inasinyaa kwa joto, kiatu kilikuwa 42 kinageuka 41 na gundi inaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, badilisha gazeti usiku.

Dada_wa_Boma

Naishi Mikindani, nafundisha, nakimbia mwaka wa tano. Kaka huenda tunapishana Jumapili, mimi ndio nateremka kutoka juu Boma na kilemba cha kijani.

Wenzangu wamesema vizuri naongezea upana, kwa sababu watu wanaongelea urefu tu. Sisi tuliokua tunatembea pekupeku mchangani vidole vimetanuka kama feni, kiatu chembamba mbele ni mateso hata kiwe kirefu kiasi gani. Viatu vya kike vinatengenezwa vyembamba zaidi, mimi nilihangaika miaka miwili mpaka nilipohamia vya kiume. Ukipata New Balance soma lebo, kwa wanaume D ni upana wa kawaida, 2E mpana, 4E mpana zaidi, wanawake kawaida ni B. Altra nao wanaacha nafasi kubwa mbele umbo la mguu wenyewe, ila Altra nyingi kisigino na vidole viko usawa mmoja na hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Ukitazama raba kwa ubavu kisigino kiko juu kuliko vidole, hiyo tofauti wanaiita dropu. Pegasus ya Nike ni milimita 10, Hoka Clifton 9 ni 5 ingawa sponji yake ni nene. Kwahiyo unene ni kitu kimoja na dropu ni kitu kingine. Ukitoka kwenye ya 10 ukaruka kwenye ya sifuri kwa siku moja, kazi yote inahamia kwenye shavu la mguu na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Mimi niliruka hivyo, nikakaa wiki sita sikimbii, asubuhi nikishuka kitandani nachechemea mpaka jikoni. Una wiki nane tu kaka, usibadilishe kila kitu kwa mpigo.

Na laini sana nayo ina kasoro yake. Kwenye lami sawa, ila ukiingia njia ya mchanga au mawe soli nene laini inayumba, kifundo kinageuka kabla hujajua. Nyeupe yako ungeibakiza lami.

Mzee_Nangwanda

Vijana mnahangaika na viatu. Sisi UMISETA tulikimbia pekupeku na tukashinda, Abebe Bikila wa Ethiopia alichukua dhahabu ya marathoni Olimpiki ya Roma 1960 bila viatu, saa 2:15:16. Huyu kijana magoti yanamuuma kwa sababu anakanyaga mbali mbele ya mwili wake, anatua na kisigino kama anafunga breki. Afupishe hatua, aongeze haraka ya miguu, mguu utue chini ya nyonga. Na nani kakwambia uende kilomita 20 Jumapili wakati katikati ya wiki unazungukazunguka tu? Ongeza kidogokidogo.

Dada_wa_Boma

Shikamoo mzee. La hatua fupi nakubali kwa asilimia mia na mimi lilinisaidia. Ila Bikila huyohuyo alirudi Tokyo 1964 amevaa viatu, akashinda tena kwa 2:12:11, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Na yeye alikuwa mwepesi, kaka yetu ana kilo 84 kwenye lami.

Mzee_Nangwanda

Marahaba mwalimu. Haya avae, ila hatua afupishe.

Ligula_Alfajiri

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita, nawashukuru sana tena sana.

Nilipima jioni ileile mke wangu akishika kalamu. Kushoto sentimita 26.6, kulia 26.9. Lebo zote mbili zimeandikwa 26.5. Yani miaka yote hii nimevaa kiatu kifupi kuliko mguu, bluu ilinidanganya kwa sababu kitambaa chake kimeshalegea na mbele ni pana. Nyeupe nikasimama juu ya soli yake ya ndani, kidole kidogo chote kiko nje. Bluu nikaitazama kwa nyuma mezani kama fundi alivyosema, kisigino kimelala nje, na mikunjo ubavuni imejaa.

Jumamosi jioni nikaenda sokoni baada ya kutembea kutwa nzima ili mguu uwe umevimba, nimevaa soksi zangu za kukimbilia. Nilijaribu pea saba. Moja ilikuwa nzuri kuitazama, nimeikunja ikatoa sauti kama biskuti, nikairudisha. Nyingine ni laini mno, nimesimama mguu mmoja nikawa nayumba. Niliyochukua lebo inasema 27.5, 43 na theluthi moja, soli ya wastani, ukibonyeza inakubali ila inakupinga kidogo, mikunjo hakuna, mchoro wa chini bado una makali yake. Muuzaji alianzia elfu 80 tukamalizana 55. Kakimbio kadogo pale mbele ya meza nilikafanya pia, watu wakanitazama, sikujali.

Jana nimekwenda nayo Mikindani na kugeuza hadi kilomita 16, hatua nimefupisha kama mzee alivyosema. Vidole vyote kumi nilikuwa navisikia mpaka mlangoni. Goti limenong'ona kidogo ya 14 likanyamaza. Leo asubuhi ngazi nimeshuka bila kushika ukuta.

Kitu kimoja tu kimebaki, kuteremka kisigino cha kushoto kinachomoka kidogo, nadhani kwa sababu huo ndio mguu mfupi. Nikaze kamba?

Kusini_Damu

Safi sana kaka! Usikaze zote, utaminya mgongo wa mguu. Kuna tundu la mwisho kabisa juu ambalo watu wengi hawalitumii, ingiza kamba kutoka nje kwenda ndani upande uleule itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, alafu pitisha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili ndio uvute kuelekea chini kabla ya kufunga. Kisigino kinashikwa na mbele panabaki huru. Fanya kushoto tu, kulia uache ulivyo.