Kaseti za marehemu baba zinaota ukungu, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara, nyumba haifiki hatua mia kutoka baharini. Marehemu baba aliniachia kaseti 114 za muziki wa dansi: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, NUTA Jazz kabla haijawa JUWATA. Nyingi alizirekodi mwenyewe redioni, na kwenye moja unamsikia akikohoa, halafu mama anaulizia chumvi. Hiyo siuzi kwa bei yoyote.

Baada ya mvua za mwaka huu nimefungua kabati nikakuta utepe una madoa meupe kama unga wa muhogo. Nikaweka moja kwenye redio, ikaimba nusu wimbo, sauti ikazama kama mtu anaimba ndani ya mtungi, kisha redio ikautafuna utepe. Nimeurudisha kwa kalamu ya Bic, lakini umejikunja.

Fundi mmoja anataka 5,000 kwa kila kaseti ahamishie kwenye flashi. Jumla 570,000, labda nisubiri msimu wa korosho. Jirani kasema nizifukie kwenye mchele (kama simu iliyoingia maji!), nikaogopa vumbi.

Ukungu huu unafutwa kwa spiriti au kwa pamba kavu? Nikinunua waya wa kuunganisha redio na kompyuta, nitumie programu gani ya bure? Na zile za C90 (za dakika 90), ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko wa C60 (za dakika 60), nianze nazo au niziache mwisho?