Nimwelezeje mdogo wangu kwamba 40°C si joto mara mbili ya 20°C?

Muulizaji:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, amekwama kwenye swali moja: gesi iko 20°C, presha haibadiliki, ujazo unaongezeka mara mbili, halijoto mpya ni ngapi? Yeye anasema 40°C. Kitabu kinasema 313°C. Ile kanuni ya kujumlisha 273 anaijua, ila anauliza kwa nini ajumlishe, na sitaki kumjibu "kariri tu". Mnaoijua fizikia, nianzie wapi?

Mwalimu wa Zamu:
Mkuu, anzia kwenye sifuri. Sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, gesi haina habari napo. Ni sawa na kupima urefu wa watoto kuanzia usawa wa meza: aliyeizidi meza kwa sentimita 40 si mrefu mara mbili ya aliyeizidi kwa 20. Ukitaka kusema "mara mbili", pima kuanzia sakafuni. Sakafu ya joto ni −273.15°C, ndiyo sifuri ya Kelvini, kipimo cha joto kinachoanzia hapo. Basi 20 + 273 = 293, mara mbili ni 586, toa 273, unabaki na 313.

Binti Maabara:
Mimi ningempa karatasi ya grafu kabla ya hesabu. Achukue gesi yenye sentimita za ujazo 273 kwenye 0°C. Kwenye 100°C inakuwa 373. Aweke nukta mbili, avute mstari kwa rula kurudi nyuma mpaka ujazo uishe. Auone mwenyewe unagota −273. Ila mwambie ukweli: gesi halisi haifiki huko ikiwa bado gesi. Kwa presha ya kawaida nitrojeni inakuwa kimiminika kwenye −196°C. Heliamu, sugu kuliko zote, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza kimiminika mwaka 1908 kule Leiden, Uholanzi, kwenye Kelvini 4 hivi.

Kasuku wa Pwani:
Kwa hiyo kwenye sifuri yenyewe chembe zinasimama kabisa?

Binti Maabara:
Hapana, zinabaki na nishati kidogo isiyoondoleka. Na sifuri hiyo hakuna aliyeifikia, watu wanaikaribia tu.

Muulizaji:
Grafu tunaichora leo leo. Na Farenhaiti je, joto likipanda kwa 10°C?

Mwalimu wa Zamu:
Hapo asome swali vizuri. Halijoto ya 10°C: zidisha kwa 1.8, jumlisha 32, ni 50°F. Lakini *kupanda* kwa 10°C ni 18°F tu. Ile 32 ni ya mahali pa kuanzia, na ukitoa halijoto moja kwenye nyingine inajifuta. Kwa Kelvini ni 10 vilevile.