Noti, Katiba au hukumu: tuanzie wapi kusoma mapitio ya kimahakama?

Mwanagenzi wa Kisumu
Wenzangu, hamjambo. Nimeanza mwaka wa kwanza wa sheria hapa Kisumu, na katika somo la sheria ya katiba nina njia tatu: noti za fotokopi zilizoachwa na waliotutangulia, Katiba yenyewe ibara kwa ibara, au hukumu za mahakama. Kinachonitatiza zaidi ni mapitio ya kimahakama. Wiki iliyopita tuliulizwa kuhusu mfanyabiashara aliyefutiwa leseni bila kusikilizwa. Nikaandika kurasa nne juu ya kesi ya Marbury dhidi ya Madison, nikarudishiwa karatasi ikiwa na maneno mekundu, "hukuulizwa hili".

Binti wa Milimani
Pole, ndugu yangu. Mimi nilianza na noti, na zilinisaidia kuona upana wa somo kwa siku chache. Hata hivyo, zangu zilikuwa zimenakiliwa mwaka baada ya mwaka bila kuguswa, na hazikuitaja Ibara ya 47 hata mara moja. Zitumie kama ramani tu.

Wakili wa Nakuru
Kosa lako si la uvivu, kwa maana jina hilo moja linabeba mambo mawili. Nchini Marekani, tangu hukumu hiyo ya Marbury ya mwaka 1803, mapitio ni mahakama kuipima sheria iliyotungwa na bunge na kuitangaza batili ikikiuka katiba. Nchini Uingereza, ambako mahakama haziwezi kubatilisha sheria ya Bunge, maneno hayo hayo humaanisha hasa kukagua jinsi ofisa au chombo cha umma kilivyofikia uamuzi wake. Sisi tulirithi maana ya Uingereza kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria na Agizo la 53 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikatupa zote mbili. Ibara ya 165(3)(d) inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua iwapo sheria inapingana na Katiba, ilhali Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na vyombo vya utawala, na Ibara ya 23(3)(f) inaitaja amri ya mapitio miongoni mwa nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa. Swali la leseni lilikuwa la Ibara ya 47, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015. Ndiyo maana nasema Katiba itangulie.

Msomaji wa Kakamega
Nakubaliana na Wakili, ila Katiba bila hukumu ni kama jembe bila mpini. Anza na kesi ya Muruatetu ya mwaka 2017, na uisome yote, kwa sababu wengi huandika kwamba Mahakama ya Juu ilifuta adhabu ya kifo, na sivyo: ilichobatilisha ni ulazima wa adhabu hiyo chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Baadaye uchukue kesi ya BBI, yaani ile ya mpango wa kuirekebisha Katiba ulioitwa Building Bridges Initiative, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti 2021 na Mahakama ya Juu Machi 2022. Mimi niligawa ukurasa wa daftari kwa mistari miwili ya wima, kila mahakama na safu yake, nikaona wazi mahali ambapo fundisho la muundo msingi, yaani kwamba misingi mikuu ya Katiba haiwezi kubadilishwa kwa marekebisho ya kawaida, lilikubaliwa mara mbili na kukataliwa mara ya tatu.

Mwanagenzi wa Kisumu
Nawashukuru sana. Je, yule mfanyabiashara afuate Agizo la 53 au awasilishe ombi la kikatiba? Je, kuna tofauti yoyote?

Wakili wa Nakuru
Ipo, na ni kubwa. Katika kesi ya Dande ya mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba anayekuja kwa Agizo la 53 atakaguliwa utaratibu uliofuatwa pekee, lakini anayekuja kwa Katiba anaweza kupimiwa hata uzito wa uamuzi wenyewe. Kwa Agizo la 53, ombi la kubatilisha uamuzi huletwa ndani ya miezi sita. Tena, kabla hujaandika neno lolote juu ya mahakama, uliza kama kuna mahali pa kukata rufaa ndani ya chombo kilichofuta leseni, kwa kuwa kifungu cha 9(2) cha Sheria ile ya 2015 kinataka njia hizo zimalizwe kwanza.