Shemeji wa Texas anasema nta yangu ndiyo inachafua mtutu wake

MamaMishumaa:
Hamjambo wana jukwaa. Mimi nauza asali na nta hapa Ngara, Nairobi, na mishumaa ya kanisa natengeneza mwenyewe. Bunduki sijawahi kushika. Lakini nimeingizwa kwenye kesi ya bunduki.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko Texas mwaka wa kumi na moja sasa. Ana rivolva ya .38 Special ya kulengea shabaha, na vichwa vya risasi anajimiminia mwenyewe kwenye gereji yake. (Hapa nikisema risasi namaanisha yale madini mazito ya kijivu. Kile kinachoruka nakiita kichwa, la sivyo tutapotezana.) Alipokuja Krismasi nilimfungia kilo tatu za nta ya Mwingi, ya manjano, inanukia mzinga. Anaichanganya na vaselini nusu kwa nusu, halafu anapaka kwenye kale kafereji kanakozunguka kichwa, iwe kilainishi cha kukitelezesha mtutuni.

Juzi akapiga simu usiku. Mtutu umeganda risasi ndani, amesugua kwa brashi mpaka mkono umekufa ganzi, na mkosaji ni mimi: eti nta "imechakachuliwa". Mimi! Nta ile niliiyeyusha kwa mikono hii, sufuria ndani ya sufuria ya maji, nikaichuja mara mbili kwa kipande cha leso. Ukiitafuna hainati kwenye meno. Yenye parafini naijua, inateleza mkononi kama sabuni.

Sasa nauliza wanaojua: nta inaweza kufanya hivyo? Na kama shida ni mchanganyiko, atie nini? Mafuta ya ng'ombe? Ya nazi? Grisi ya gari?

Kijana_Umoja:
Mama, msaidie shemeji lakini hapo Ngara usijaribu hata kimoja. Kwetu Kenya kuunda risasi za bunduki bila idhini ni kosa, Sheria ya Silaha, Sura 114. Huko kwao mtu anaruhusiwa kujitengenezea za matumizi yake, leseni inatakiwa akianza kuuza.

MamaMishumaa:
Najua, mwanangu. Mimi nauza nta tu.

Mzee_wa_Ohio:
Mama, pole kwa kusingiziwa. Niliishi Ohio miaka 19 kabla ya kurudi Buruburu, na miaka kama kumi na mbili ya hiyo nilikuwa namimina vichwa vya .38 kila msimu wa baridi, maana nje theluji na ndani hakuna la kufanya. Nta ya nyuki ndiyo msingi wa karibu kila kilainishi cha zamani cha kazi hiyo. Ule mchanganyiko maarufu wa Wamarekani ni nusu nta ya nyuki, nusu Alox, aina ya grisi ya kiwandani itokanayo na petroli. Kwa hiyo nta yako haina kesi.

Mwulize jambo moja kwanza: risasi imeganda sehemu gani ya mtutu? Kama ni mwanzoni, pale karibu na silinda (lile gurudumu lenye matundu ya kupakilia), kwa kawaida kichwa ni chembamba. Hakizibi vizuri, gesi ya moto inapenya pembeni na kuyeyusha ngozi ya kichwa, na ile ngozi inajipaka kwenye chuma. Hapo hata ukimpa asali yenyewe apake, mtutu utachafuka. Kama imeganda mwishoni karibu na mdomo, hapo ndipo unaweza kushuku kilainishi, kwamba kimekwisha njiani kabla kichwa hakijatoka.

Mimi nilipoteza kiangazi kizima kwenye kosa hilo. Nilibadilisha vilainishi vinne, nikanunua vya kopo, nikapika vya kwangu, mke wangu akanifukuza jikoni. Siku moja mzee jirani akachukua silinda ya rivolva yangu, tupu, akadondosha kichwa kimoja kwenye tundu kwa mbele. Kikapita moja kwa moja na kuanguka mezani, tak. Akanitazama, hakusema kitu. Kichwa kinatakiwa kikwame kidogo, ukisukume kwa kidole ndipo kipite. Kwa .38 Special wengi wanatumia kipenyo cha inchi 0.358. Vyangu vilikuwa 0.356.

Mwambie afanye hivyo leo, bunduki ikiwa tupu kabisa, kabla hajakutukana tena.

Kuhusu mchanganyiko: vaselini nusu kwa nusu naona ni laini mno kwa joto la Texas. Akisahau boksi ndani ya gari mchana, kilainishi kinaweza kuyeyuka kikaingia kwenye baruti, na bunduki ikafyatuka kinyonge au isifyatuke. Aongeze nta, apunguze vaselini, mpaka kipande kishikike bila kuacha ute kidoleni. Lakini kisiwe kigumu kama mshumaa pia, kwa mwendo mdogo wa .38 kigumu sana hakifanyi kazi. Mafuta ya ng'ombe na nta ni mchanganyiko wa wale wanaopiga baruti nyeusi ya kizamani. Hao wanakwepa vitu vya petroli kwa sababu vinaacha masizi ya kunata kama lami.

Fundi_Gikomba:
Grisi ya gari aachane nayo, itatoa moshi na uchafu tu. Mimi namimina alumini, si risasi, lakini moto ni moto: tone la maji likiingia kwenye madini yaliyoyeyuka yanaruka usoni. Jasho la paji la uso pia ni maji. Na sufuria aliyoyeyushia risasi isirudi jikoni, hata aisugue vipi.

MamaMishumaa:
Asanteni. Hilo la sufuria nimemtumia kwa herufi kubwa, maana ana watoto wawili. Nimemwambia pia anawe mikono kabla ya kushika chakula. Nimemwuliza risasi imeganda wapi, akasema "mwanzoni, kwa nini?" Sijamjibu. Nimemwambia akadondoshe kichwa kwenye silinda.

MamaMishumaa:
Nimerudi. Ametuma video. Kichwa kimepita kwenye tundu la silinda kama punje ya maharagwe kwenye bomba, matundu yote sita. Kumbe kile kifaa cha kupitishia vichwa vipate kipimo alikinunua mitumba kwa mtu anayepiga bastola ya 9mm. Kimechongwa 0.356 ubavuni, na muda wote huo hakuwahi kukisoma.

Mzee_wa_Ohio:
Hahaha! Hiyo 0.356 naijua. Kwa 9mm ni sawa kabisa. Anunue ya 0.358, na ahakikishe vinavyotoka kwenye kalibu ni vinene kuliko hapo, kwa sababu kile kifaa hupunguza tu, hakiongezi. Vile vyembamba asitupe, ayeyushe upya. Amekuomba msamaha?

MamaMishumaa:
Msamaha bado. Ameuliza kama ile nta ya Mwingi imebaki. Nimemwambia ipo, ila bei ya shemeji imeisha.