Fomu ya afya ya wafanyakazi wa zamu ya usiku: nijaze ukweli?

Kutoka: mwanachama, Leicester

Ndugu wanajumuiya, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nimetoka kazini saa mbili asubuhi na usingizi umenikataa, ndiyo maana naandika. Nina zaidi ya miaka miwili hapa Uingereza katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku tupu, saa mbili hadi saa mbili, siku nne kwa wiki. Juzi HR, ofisi ya rasilimali watu, walinikabidhi fomu ya tathmini ya afya ya wafanyakazi wa usiku, ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe, wakataka niirudishe Ijumaa. Inauliza kama nina tatizo la usingizi, presha, sukari au tumbo. Ukweli ni kwamba mwezi uliopita GP, daktari wangu wa mtaa, alinikuta na presha, na usingizi wangu wa mchana, ukiukusanya wote, haufiki saa nne. Nilipouliza ofisini kitakachofuata nikiandika hivyo, nilijibiwa kwamba nafasi za mchana zimejaa, na kwamba CoS yangu, hati ya udhamini wa mwajiri inayobeba viza yangu ya kazi, ilitolewa kwa mkataba wa usiku, kwa hiyo nifikiri vizuri kabla ya kushika kalamu.

Swali langu ni moja tu. Mtu mwenye CoS akihamishiwa mchana, saa zikapungua na posho ya usiku ikaondoka, CoS yake inabaki salama? Naomba anijibu aliyepitia jambo hili mwenyewe, kwa sababu watoto wangu wawili wamo katika viza hiyo hiyo.

Kutoka: mwanachama, Reading

Pole sana dada. Kabla ya mambo ya CoS, fahamu kwamba kukufanyisha kazi kwa muda wa saa 12 usiku ni kinyume cha sheria. Kanuni za Saa za Kazi za 1998 zinasema mwisho ni muda wa saa nane kwa usiku mmoja. Waandikie HR barua na uwatajie kanuni hizo kwa jina.

Mimi nilikaa miaka sita katika ghala, nikipakia mizigo usiku. Mwaka wa kwanza nilijiona shujaa, kwa sababu mchana nilikuwa huru kwenda benki, kumpeleka mtoto shule na kufuatilia kila karatasi. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeongezeka kilo 14, namgombeza mke wangu kwa kugonga sufuria, na siku ya mapumziko sikuweza kulala usiku wala kukesha mchana. Kuna Jumapili nzima za utoto wa mwanangu ambazo sizikumbuki kabisa, ingawa picha zinaonyesha nilikuwepo.

Kutoka: muuguzi, Leeds

Kaka wa Reading, tafadhali tusipotoshane katika jambo linalomgusa mtu riziki yake. Saa nane ni wastani, wala si kikomo cha usiku mmoja. Wastani huo hupigwa kwa wiki 17, na hesabu yake hugawanya saa za wiki kwa siku sita. Dada anafanya usiku nne wa saa 12, yaani saa 48. Gawanya kwa sita, unapata nane kamili. Yuko ukingoni, hajavuka. Atavuka akiwa na mazoea ya kuongezewa usiku wa tano. Wengi humu wamesaini ile karatasi ya kukubali kupita saa 48 kwa wiki wakidhani wamesaini kila kitu, lakini kikomo cha kazi ya usiku mtu mmoja mmoja hawezi kukisaini kikaondoka.

Kuhusu fomu yenyewe, mwajiri alipaswa kukupa nafasi ya tathmini hiyo bila malipo kabla hujaanza usiku wa kwanza, kisha airudie mara kwa mara. Kuikubali ni hiari yako. Matokeo yake hayapaswi kutolewa kwa mtu mwingine bila idhini yako ya maandishi, isipokuwa tamko kwamba unafaa kwa kazi ya usiku. Na daktari akimwarifu mwajiri kwamba afya yako inaathiriwa na kazi ya usiku, mwajiri anawajibika kukuhamishia kazi nyingine inayokufaa, ikiwa inawezekana. Neno «ikiwa inawezekana» ndilo wanaloegemea wanapokuambia nafasi zimejaa. Kwa hiyo omba barua ya GP iliyo wazi, inayotaja presha na usingizi, wala usitegemee vijisanduku vya fomu peke yake.

Nami nakusihi usiifiche presha. Nimefanya usiku miaka tisa. Mwili una saa yake ya ndani. Waliofumbua namna inavyofanya kazi walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017. Saa hiyo huongozwa na mwanga. Ukitoka kazini ukakutana na jua la asubuhi kituoni, unaiambia kwamba siku imeanza, kisha unaenda nyumbani kuilazimisha ilale. Karibu na saa kumi au kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka kuliko wakati wowote, na ndipo makosa ya dawa yanaponyemelea. Mimi husoma kila jina mara tatu saa hizo. Sahani ya wali ukiila saa nane usiku huiacha sukari juu kwenye damu kuliko sahani ile ile ukiila adhuhuri, kwa hiyo ni afadhali ule vizuri kabla ya zamu na usiku ujishikilie kwa kidogo. Kahawa ya saa kumi na moja alfajiri, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa nne asubuhi, wakati unapovuta shuka. Na lile shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani tangu 2007, na mwaka 2019 likasisitiza hivyo kwa kazi ya usiku. Sisemi haya kumtia mtu hofu. Nayasema kwa sababu wengi wetu tulifika hapa tukaambiwa usiku ndiyo zamu rahisi, wazee wamelala na pesa ni nzuri.

Kutoka: mwanachama, Glasgow

Naongeza jambo moja, la barabara. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu huwa mzito wa akili na mikono sawa na aliyekunywa pombe kufikia kiwango ambacho huku Scotland kinatosha kukufikisha mahakamani. Hesabu mwenyewe: ukiamka saa tisa alasiri, ukaingia kazini saa mbili usiku na ukashika usukani saa mbili na nusu asubuhi, umezifikia saa 17 na nusu. Mimi nilisinzia kwenye mzunguko wa barabara karibu na nyumbani, nikaamshwa na ukingo. Mwanangu alikuwa nyuma kwenye kiti chake, kwa sababu nilipitia kumchukua kwa jirani ili nimpeleke shule. Tangu siku hiyo napanda basi, ingawa linaniongezea dakika 50, na mtoto anapelekwa na jirani.

Kutoka: mwanachama, Reading

Nakubali nilikosea kuhusu wastani, ila muuguzi angeweza kunisahihisha bila kunifanya mpotoshaji mbele ya jumuiya nzima. Dada, kwa upande wa usingizi, kuna vidonge vya melatonini. Binamu yangu Marekani huvinunua dukani kama pipi. Naweza kukuletea.

Kutoka: muuguzi, Leeds

Radhi kwa ukali, kaka. Lakini hapa Uingereza dawa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, na huyu dada ana presha iliyogunduliwa mwezi uliopita. Asimeze kitu cha binamu wa mtu. Amuulize GP. Kitu ambacho sisi weusi tunaolala mchana tusikidharau ni vitamini D: ushauri wa serikali ni maikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi kwa kila mtu, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Kuna Desemba nilipita wiki tatu sijaliona jua.

Kutoka: mzee, Birmingham

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi nimestaafu, lakini usiku nilifanya kazi miaka 22.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa zamu ya usiku, kiwandani, Tanga. Akirudi asubuhi, mama alishusha pazia, akatuhamishia uani na kuku wetu, na jirani akituona tunapiga mpira alitufukuza kabla mama hajasema neno. Muuza samaki alijua asinadi mlangoni kwetu. Mtaa mzima uliulinda usingizi wa mtu mmoja, na baba aliamka alasiri akakuta chakula kimefunikwa. Mimi nilifika hapa nikafanya kazi ile ile, nikidhani nimerithi kitu ninachokijua. Nikakuta postamani anagonga, fundi wa gesi anapanga kuja saa tano asubuhi, shule inapiga simu, na ofisi zote ninazozihitaji zinafunguliwa nikiwa kitandani. Mke wangu naye alikuwa na zamu yake. Hakukuwa na wa kushusha pazia.

Basi nikajifunza kuzima simu. Januari moja mama yangu alifariki Tanga, adhuhuri, nasi hapa ni saa tatu na nusu asubuhi, nimelala kwa muda wa saa moja tu. Walinipigia mara 31. Alizikwa baada ya sala ya alasiri. Nilipoamka saa tisa, huko Tanga jua lilikuwa linazama na watu walikwisha kurudi kutoka makaburini. Ndugu zangu hawakunilaumu, walijua nilikuwa nimelala, lakini sikumzika mama kwa kuwa hata kusikia sikusikia.

Simu za sasa zinaruhusu kuzima sauti zote ukaacha namba moja au mbili zipite. Fanyeni hivyo leo hii, kila mmoja wenu. Ukiisha hilo, weka pazia zito, na uwaambie jirani zako kwa heshima kwamba unalala mchana. Wangu wa kulia, mama wa Kijamaika, alikuja kuwa mlinzi wangu.

Kutoka: mwanachama, Leicester

Mzee wangu, shikamoo na pole, nimesoma nikalia. Dada wa Leeds, nimepata miadi ya GP Alhamisi saa nne na robo asubuhi, maana yake sitalala siku hiyo, lakini nitaenda kuomba barua, na fomu nitaijaza kama nilivyo. Kaka wa Reading, ahsante, vidonge usinitumie.

Ila la CoS bado sijajibiwa. Aliyehamishwa kutoka usiku kwenda mchana akiwa na viza ya kazi, saa zake zikapungua, tafadhali aniandikie hata pembeni. Sasa naenda kulala. Simu nimeizima, isipokuwa kwa namba ya mama na ya shule.