Setilaiti ikija, usukani ashike nani?

Fundi Kwerekwe: Assalaam alaykum. Siku nchi yetu ikirusha setilaiti, ule mfumo wa chini wa kuiongoza, yaani kompyuta na programu za kuipa amri na kupokea khabari zake, serikali iuandike yenyewe au inunue uliopo sokoni? Kenya wameshatutangulia, setilaiti yao Taifa-1 ilipaa Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX. Mimi nasema tununue, na tuutumie kama ulivyo, si kila idara itake uongezwe hiki na kile. Marekani walitia saini mkataba wa kuandikiwa mfumo mpya wa kuongozea GPS, zile setilaiti za kuonyesha mahali ulipo, mwaka 2010. Kufika 2016 gharama zimepanda mpaka sheria yao ikalazimisha Bunge liarifiwe. Na hao ndio wenye pesa.

Mkaazi wa Tunguu: Ukinunua umemkabidhi mtu ufunguo wa nyumba yako. Wamarekani walijenga hapa kwetu Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa mwanzo wa kupeleka watu angani, na mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962 kilikuwa kazini. Mapinduzi yalipofanyika 1964 kikafungwa, wakaenda zao. Tulibaki na nini? Nigeria nao walinunua setilaiti kwa Wachina, haikumaliza hata miaka miwili ikafa. Halafu mvuvi wa kisiwa cha Kojani, kule Pemba, setilaiti ataifanyia nini? Kwanza maji na umeme.

Mwanakojani: Hapo pa mvuvi wa Kojani umenichoma, sheikh. Baba yangu ana GPS anaifunga kwenye mfuko wa plastiki na mpira wa baiskeli, kioo kina ufa, na ndani yake mna alama za miamba yote aliyoivua tangu mimi niko skuli. Usiku wa giza anaufikia mwamba wake bila kuona nchi kavu. Wewe wa Tunguu utaufikia?

Mkaazi wa Tunguu: Sijamdharau mzee wako, nimesema vipaumbele.

Mwanakojani: Umemtaja kama mtu asiyejua kitu.

Bint Wete: Mnagombana bure. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama njiani kuja Pemba, na mimi nilizika. Tungekuwa na setilaiti yetu, watu wangefikiwa mapema.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, Mungu awarehemu wote. Lakini chombo kile kilijaa kupita kiasi. Palitakiwa mtu bandarini wa kusema hapana, na huyo haji kwa roketi.

Bint Wete: Shikamoo mzee. Kujaa kweli kilijaa. Lakini walioshikilia magodoro na mbao usiku ule kila saa ilikuwa na thamani, na hilo silirudishi nyuma.

Fundi Kwerekwe: Jamani, turudi. Ya Nigeria ilirushwa 2007 ikafa 2008 kwa sababu ya umeme wa kule juu, paneli za jua. Mfumo wa chini hauna kosa hapo, na 2011 walirushiwa nyingine. Na hiyo GPS ya mzee wa Kojani inategemea setilaiti za serikali ya Marekani, zilezile ambazo mfumo wake nimeutaja hapo juu.

Mkaazi wa Tunguu: Basi umenisaidia. Wakizima, mzee anarudi kutazama nyota.

Mwanakojani: Nyota anazijua kabla hujazaliwa! Tatizo lake si Marekani. Wiki iliyopita mashine imekufa kwa maji ya chumvi. Nimemnunulia nyingine, ya kampuni tafauti, fundi mjini ananiambia alama za ile ya zamani haziingii kwenye hii. Miaka ishirini ya miamba.

Mkaazi wa Tunguu: Ndilo ninalolisema tangu asubuhi. Kwenye mkataba iandikwe kwamba data ni zetu na zinatoka kwa namna ambayo mashine yoyote inasoma. Hilo likiwemo, nunueni, mimi sina neno.

Fundi Kwerekwe: Mwanakojani, ile iliyokufa usiitupe. Isikauke juani, iweke kivulini, usiiwashe. Mzee akija mjini mwambie aje nayo, kama kadi ya ndani haijaliwa na chumvi nitazitoa alama moja moja kwa mkono.

Mwanakojani: Anakuja na boti ya Jumatatu.