Tupeane uzoefu: kisanduku cha thini klaenti kilichotoka ofisini, wewe umekigeuza kuwa nini nyumbani?

Fundi wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama bila malipo, naona thini klaenti zikizidi kuongezeka kwenye meza za wauzaji wa vifaa vilivyotumika. Nazungumzia vile visanduku vyembamba vilivyotengenezwa kuonyesha tu kazi inayofanywa na seva ya ofisi, ndiyo maana ndani yake diski ni ndogo mno. Naomba kila aliyewahi kukifufua kimoja aeleze alichokifanya na mahali alipokwama, ili mwenzake asipoteze fedha.

Changu ni HP t620, nilichokipata kwa dola 30 kikiwa na RAM ya GB 4 na flashi ya GB 16. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji bisibisi nikakifungua palepale mezani, na nawasihi nyote mfanye hivyo, kwa sababu jina lililoandikwa juu ya kifuniko halikuonyeshi kama RAM imechomekwa au imechomelewa kwenye bodi. Humo nilikuta nafasi mbili za RAM ya DDR3L, aina ileile ya laptop, pamoja na nafasi ya M.2, yaani diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Laptop mbili zilizokufa zilinipa RAM ya GB 8. Kwenye diski nilikosea: diski za M.2 ziko za aina mbili, nami nilinunua ya NVMe, ambayo kisanduku hiki hakiitambui, kwani kinataka ya SATA. Siku hizi naangalia meno ya diski kabla ya kuuliza bei. Zile za SATA kwa kawaida zina mikato miwili, na za NVMe nyingi zina mmoja.

Faida kubwa kwangu imekuwa umeme. Nimekipima kwa mita, kinakula kati ya wati 10 na 15, na kioo changu kinakula wati 20. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, nami siishushi chini ya nusu ili isife mapema, hivyo nina wati-saa 600. Hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta, umeme ukikatwa jioni watoto wanaendelea kusoma hadi wanapolala, na asubuhi betri bado ina nguvu. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani, iliyokula wati 150 pamoja na kioo chake, ingeimaliza nusu hiyo kwa muda usiotimia hata masaa manne.

Mama wa duka, Kamalondo

Asante, papa fundi. Laiti ningesoma maneno yako kabla ya kununua, maana mimi sikukifungua. Nilichukua Dell Wyse 3040 kwa kupendezwa na udogo wake, nikaahidiwa kwamba RAM "itaongezwa baadaye." Nilipofika nyumbani nikakuta RAM yote ya GB 2 imechomelewa kwenye bodi, na hata hifadhi ya GB 8 imechomelewa vilevile, kwa hiyo hakuna cha kuongeza milele. Isitoshe, hakina tundu la VGA wala la HDMI, kina DisplayPort mbili tu, na kioo changu cha zamani kilihitaji adapta iliyonigharimu karibu nusu ya bei ya kisanduku chenyewe.

Hata hivyo sikukitupa. BIOS, ile programu ya ndani inayokiamsha kisanduku, ilikuwa imefungwa kwa nenosiri, na kijana wangu akakumbuka kwamba Wyse nyingi hutoka kiwandani na neno Fireport. Lilikubali mara moja. Alinieleza jambo ambalo sikulijua: BIOS nyingi hudhani kibodi ni ya QWERTY, kumbe sisi tunatumia AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, hivyo neno lenye "a" au "m" hukataliwa ingawa umeliandika sawasawa. Herufi zote za Fireport zimekaa mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili.

Tukaweka Debian, mfumo wa bure wa Linux, yenye mazingira mepesi, lakini kilipowashwa upya hakikuona mfumo wowote. Tulipoteza siku mbili. Dawa yake ilikuwa kurudia usakinishaji kwa njia ya wataalamu na kukubali pale inapouliza kama GRUB, programu inayouanzisha mfumo, iwekwe pia kwenye njia ya EFI ya vifaa vya kuchomoka, mahali ambapo kisanduku hiki huitafuta. Leo daftari langu lote la mauzo na madeni liko humo kwenye LibreOffice. Kimebaki kisa kimoja kinachonichosha: nikikiamuru kizimike, kinakwama na taa inabaki inawaka.

Kijana wa Kampemba

Mimi nilipewa bure HP t5740. Prosesa yake ni Atom N280, ya biti 32, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Nimeishia Debian 12. Kwa kuandika na kusikiliza muziki kinatosha, lakini kama unalipa fedha zako, usinunue cha biti 32.

Mwalimu wa Ruashi

Chetu ni HP t610, na hakina kioo kabisa. Nimekiwekea diski ya SSD pamoja na Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kisha nikakiunganisha na kisambaza Wi-Fi. Wanafunzi wanakuja uani jioni, wanafungua kivinjari kwenye simu zao, na wanasoma Wikipedia bila kutumia hata megabaiti moja ya intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, ilipakuliwa upesi. Ya Kifaransa niliichukua isiyo na picha, na rafiki ndiye aliyeniletea kwenye diski yake. Nilimwona binti mmoja akisoma ukurasa wa moyo wa binadamu huku akijaribu kuchora mishipa yake kwa kufuata maneno matupu, na tangu siku hiyo natafuta diski kubwa zaidi ili niweke toleo lenye picha.

Jihadharini na radi za Januari. Nilikuwa nimepitisha kebo ya mtandao nje ya ukuta, radi ikapiga jirani, na tundu la kebo likafa ingawa kisanduku kilipona. Sasa natumia adapta ya USB, na kebo yote inapita ndani. Vumbi letu jekundu la kiangazi nalo linahitaji uangalifu. Hata kisichokuwa na feni mkisafishe matundu yake kwa brashi kavu, kwa sababu ndiyo njia kuu ya joto kutoka.

Fundi wa Katuba

Mama, kukwama huko kunajulikana kwa Wyse 3040. Mwambie kijana azizuie moduli mbili, yaani vipande vya Linux vinavyoendesha vifaa, dw_dmac na dw_dmac_core, ndani ya folda ya modprobe.d, kisha aendeshe amri ya update-initramfs ili badiliko lishike, na kukiwasha upya.

Mama wa duka, Kamalondo

Amefanya hivyo usiku huu baada ya kufunga duka. Nimekizima mara tatu mfululizo, na mara zote tatu taa imezimika.